Mkweche wa Lodwar na njia ya Kakuma

Kama unaishi Nairobi, Nakuru au Mombasa, bila shaka unamjua jirani mwenye gari lisiloaminika. Ni yule anayeamka saa kumi alfajiri, si kwa kuwa kazini kwake ni mbali, bali kwa kuwa gari lake lataka kubembelezwa kwanza. Watoto wake walijua kusukuma gari kabla ya kujua kuandika majina yao. Majirani wakisikia boneti ikifunguliwa hufunga madirisha, wasije wakaitwa kusaidia. Mjini hayo ni mambo ya kuchekesha. Gari likizima utatukanwa na madereva wa matatu, utampigia fundi simu, na mambo yakikushinda kabisa utaliacha hapo hapo upande matatu hiyo hiyo iliyokutukana.

Sasa chukua gari hilo hilo ulipeleke Turkana. Likizima huko, matatu ya kukutukana haipo. Kuna jua, mchanga, miti ya miiba, na mlio wa chuma kinachopoa polepole. Hapo ndipo utajua kama ulinunua gari au ulinunua mashaka.

Nayasema haya kwa sababu dada yangu mkubwa na mumewe walikaa na gari dogo kuukuu kwa miaka 16, kuanzia 2003 hadi 2019. Shemeji alikuwa akifundisha Lodwar, naye dada akawa muuguzi katika kituo cha afya huko Kakuma. Kati ya miji hiyo miwili kuna kilomita 120 hivi. Jina la kampuni iliyounda gari hilo silitaji, kwani lilitoka kiwandani mwishoni mwa miaka ya 1980, na lilimfikia shemeji likiwa limepita mikononi mwa watu wawili. Mzee akichoka, hakuna haja ya kumlaumu aliyemzaa.

Leo nataka tusafiri njia hiyo pamoja, ili siku utakapoona gari kuukuu likiuzwa kwa bei ya kutupa, uwe unajua yanayokuja pamoja nalo.

Kushuka Marich

Ukitoka Nairobi kwenda Lodwar una karibu kilomita 700 mbele yako. Wengi hulala Kitale, mji wa mahindi na baridi, ulio juu kiasi cha mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi Lodwar ni kama kilomita 300. Unapita Kapenguria, mji ambao jina lake limo katika kila kitabu cha historia kwa sababu ya kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake watano ya mwaka 1952 na 1953. Kisha unaanza kushuka milima ya Pokot kuelekea mwanya wa Marich. Koti unalivua. Madirisha unayafungua. Ukifika Kainuk unaanza kuuliza ni nani aliyewasha tanuri.

Mbele kuna Lokichar, mji uliotajwa kote nchini mwaka 2012 mafuta yalipogunduliwa katika kisima cha Ngamia 1. Halafu ardhi inatandazika, mikoma inaonekana kando ya mto Turkwel, na hatimaye Lodwar inajitokeza chini ya vilima vyake vyeusi. Hapa ni mita 500 hivi tu kutoka usawa wa bahari. Joto la mchana hupita nyuzi 35 mara nyingi, na mvua ya mwaka mzima ni haba mno. Serikali ya kikoloni ilimleta Kenyatta hapa mwaka 1959 kutoka kizuizini Lokitaung, naye akakaa hadi 1961. Waliomleta walijua kwamba umbali na jua vinaweza kufanya kazi ya ukuta wa gereza.

Barabara ya lami kutoka nyanda za juu ilijengwa kwa msaada wa Norway katika miaka ya 1980. Kufikia mwaka 2003, shemeji aliponunua gari lake Kitale na kulileta nyumbani, lami hiyo ilikuwa imebaki vipande vipande. Madereva walikuwa wakiikwepa na kupita kando, mchangani, wakisema afadhali vumbi kuliko shimo lenye kingo kali kama kisu. Safari hiyo ya kwanza iliwachukua siku mbili na pancha tatu.

Nyumba mbili, gari moja

Huenda ukauliza: kwa nini mwalimu mwenye akili zake anunue gari dogo la mjini alipeleke nyika ya mawe? Mbona asinunue Land Rover?

Jibu ni mshahara. Land Rover ya mitumba ingemeza ada za watoto wote wawili na kubakisha deni. Gari dogo lilikuwa ndani ya uwezo wake. Na haja yenyewe haikuwa ya kujionyesha. Dada alikuwa amepangiwa kazi Kakuma, shemeji Lodwar, na watoto walikuwa wakisoma Lodwar kwa baba yao. Mabasi na malori yalikuwepo, lakini basi huondoka litakapo, na lori humweka mama na mtoto juu ya magunia. Kwa hiyo gari lilinunuliwa kwa kazi moja tu: kila Ijumaa jioni au Jumamosi asubuhi, limlete mama kwa watoto au liwapeleke watoto kwa mama.

Kumbuka jambo hilo, msomaji, kwa maana ndilo lililofanya kila nati iliyolegea kuwa habari ya nyumba nzima. Mpira wa rejeta ukipasuka Alhamisi, watoto hawakumwona mama yao Jumamosi. Binti yao mdogo, alipokuwa darasa la kwanza, aliulizwa na mwalimu wake mama yake anafanya kazi gani. Akajibu, "Mama ni wa betri ikipona."

Joto halina urafiki

Injini ya gari ni jiko. Kazi ya rejeta ni kuchukua lile joto na kulitupa hewani. Lakini hewa yenyewe ikiwa na nyuzi 38, na upepo ukivuma kutoka nyuma yako, rejeta haina pa kulitupa. Sindano ya joto hupanda taratibu, nawe unaitazama kama mtu anayetazama maji ya mto yakipanda mlangoni.

Zipo mbinu. Ya kwanza huwachekesha wageni: gari likianza kuchemka, washa kile kifaa cha kupasha joto ndani. Kifaa hicho huchukua moto kutoka kwenye maji ya injini, kwa hiyo ni kama rejeta ya pili. Naam, nje ni nyuzi 38, ndani unajipulizia hewa ya tanuri usoni, na watoto wanalia. Lakini sindano hushuka. Nimeketi ndani ya gari hilo likiwa hivyo, na nakuhakikishia kwamba kilomita kumi za namna hiyo zinatosha kukufanya ukumbuke dhambi zako zote.

Mbinu ya pili ni subira. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Kifuniko hicho hushikilia maji kwa kani ili yasichemke mapema. Ukikifungua, maji yanageuka mvuke mara moja na kukurukia usoni. Dada amewafunga bendeji madereva wasiopungua wanne waliokosa subira ya nusu saa.

Halafu kuna maji yenyewe. Maji ya visima vingi vya Turkana yana chumvi. Ukiyatia ndani ya rejeta mara kwa mara, huacha ukoko kama ule unaouona ndani ya birika la chai, na mwishowe vijia vya rejeta vinaziba. Shemeji alijifunza hilo baada ya kubadilisha rejeta mbili. Tangu hapo alikusanya maji ya mvua katika pipa, mvua iliponyesha, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuyagusa hata kwa kufulia.

Magari ya zamani yenye kabureta yana ugonjwa mwingine. Petroli huchemka ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye injini, ikawa mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Gari linazima ghafla bila sababu inayoonekana. Dawa yake ni kitambaa kilicholowa maji, kinachofungwa kwenye pampu na bomba la petroli mpaka vipoe. Tangi la petroli likitobolewa na jiwe, kipande cha sabuni ya kufulia kilichokandwa vizuri huziba tundu mpaka ufike mjini. Na pancha? Hiyo ni kazi ya mti wa mathenge, ule ulioletwa nchini katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa, ukageuka msitu wa misumari kando ya mito na barabara.

Najua utaniambia kwamba magari madogo yamewahi kuishinda Afrika. Ni kweli. Peugeot 504 ilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na Datsun 160J ikashinda mwaka 1979 na 1980. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa gari la Volvo ambalo tayari lilikuwa limetumiwa na mwingine. Watu wengi nchini walinunua magari ya aina hizo kwa kuvutiwa na ushindi huo. Lakini gari la mashindano lina mafundi wanaolingoja mbele na matairi mapya kila kituo. Gari la shemeji lilikuwa na jeki moja, spana nne, na kitabu cha maelezo kilichoandikwa kwa Kifaransa.

Msafara haungoji

Kwa miaka mingi magari hayakuruhusiwa kwenda Kakuma ovyo ovyo. Kwa sababu ya majambazi, yalikusanyika Lodwar asubuhi na kuondoka kwa msafara ukisindikizwa na polisi. Ungeyaona malori ya chakula cha msaada, magari meupe ya mashirika, mabasi, na katikati yao kile kigari cha rangi ya krimu kilichojaa viazi, vitabu na watoto.

Msafara una desturi yake. Ukizima, utangojwa kidogo. Ukizima mara ya pili, wenzako wanatazamana. Mara ya tatu unaachwa, kwa maana haiwezekani watu mia moja wahatarishwe kwa ajili ya mmoja. Shemeji alijua hivyo, na hakuwahi kumnung'unikia mtu. Alichofanya ni kujipanga mbele ya lori ambalo dereva wake alikuwa rafiki yake. Gari likizima, dereva wa lori anashuka na kamba bila kuulizwa, na safari inaendelea, mkweche ukivutwa kama mbuzi anayekwenda sokoni. Rafiki huyo hakutaka malipo. Alitaka mtoto wake afundishwe hesabu wakati wa likizo, akafundishwa, na leo ni mhandisi wa ujenzi.

Huu ndio utajiri wa ajabu wa gari bovu. Mwenye gari zuri huijua barabara kwa jina. Mwenye gari bovu huwajua watu wake. Shemeji alijua ni boma gani lina mama atakayempa maji, na alijifunza kuyaomba kwa Kiturkana, ngakipi, kabla ya kujifunza maneno mengine. Naye hakufika boma lolote mikono mitupu. Tumbaku, sukari na majani ya chai vilikaa daima chini ya kiti cha dereva.

Fundi wa Kakuma

Vilima vya Pelekech vikianza kuonekana, unajua kwamba umeikaribia Kakuma. Wageni wengine wameandika katika magazeti ya ng'ambo kwamba neno Kakuma ni la Kiswahili na maana yake ni mahali pasipokuwa popote. Wewe msomaji unakijua Kiswahili. Sina la kuongeza.

Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa hapa mwaka 1992, wakati maelfu ya vijana wa Sudan ya Kusini waliokimbia vita walipowasili kwa miguu. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Leo kambi hiyo pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyo karibu ina watu zaidi ya 250,000. Usidhani wamekaa tu wakingoja chakula. Uchunguzi wa IFC, tawi la Benki ya Dunia, uliotolewa mwaka 2018, ulihesabu maduka zaidi ya 2,000 na kukadiria uchumi wa Kakuma kuwa dola milioni 56 kwa mwaka. Kuna mikahawa ya Kihabeshi yenye buni iliyokaangwa mbele yako, kuna maduka ya jumla ya Wasomali, na kuna gereji.

Gereji aliyoitumia shemeji ilikuwa ya mkimbizi mmoja kutoka mashariki mwa Kongo. Mwenyewe aliliita gari "motokari," na kwa Kiswahili chake cha kwao alilihurumia kama daktari anavyomhurumia mgonjwa. Alisafisha kabureta kwa mswaki wa meno. Alikata mpira wa gurudumu la lori akatengeneza vikalio vya springi vilivyodumu kuliko vya dukani. Lakini kulikuwa na jambo moja asiloliweza. Sheria haikumruhusu kutoka kambini bila kibali. Gari likifa kilomita tano kutoka gereji yake, hangeweza kulifuata. Ilibidi gari lisukumwe mpaka alipo. "Mwalimu," alimwambia shemeji siku moja, "wewe uko na gari lisilotembea, mimi niko na miguu isiyotembea. Tunaelewana." Mwaka 2015 alipata nafasi ya kuhamia Marekani na familia yake.

Laga

Sasa nifike kwenye siku ambayo nyumbani kwa dada haizungumzwi sana.

Laga, kwa msomaji asiyepajua kaskazini, ni mto wa mchanga. Kwa miezi mingi ni mkavu, punda wanalala ndani yake. Kisha mvua inanyesha mbali, kwenye milima usiyoiona, na maji yanakuja kwa ghafla yakibeba magogo. Juu yako jua linawaka vilevile. Huna habari mpaka usikie mngurumo.

Ilikuwa Novemba 2011, baada ya ukame mkali wa mwaka huo. Shemeji alikuwa akiwapeleka watoto kwa mama yao. Gari lilichemka njiani, akasimama kulipoza, na msafara ukamtangulia. Alipoendelea alikuta laga kati yake na Kakuma, iko kavu. Akashuka ndani. Katikati ya mchanga injini ikazima.

Alifanya alichozoea. Alifungua boneti, akalowesha kitambaa, akawaambia watoto wakae kivulini ndani ya gari. Wanawake wawili wa Kiturkana waliokuwa wakipita na punda walisimama wakamtazama. Mmoja akaonyesha kidole upande wa magharibi, ambako anga ilikuwa nyeusi, kisha akaenda moja kwa moja mlangoni, akamtoa binti mdogo, akamweka kiunoni na kupanda naye ukingoni bila kuomba ruhusa. Wa pili akamshika kijana mkono. Halafu wakapiga ukelele, na wavulana wachungaji wakatokea vichakani. Wakalisukuma gari mchangani, wakivuta pumzi na kuimba, mpaka likapanda upande wa pili.

Maji yalifika baadaye kidogo. Shemeji husema kwamba hakuwa hata amemaliza kugawa sukari.

Dada alingoja Kakuma usiku kucha. Mtandao wa simu haukuwepo kati ya miji hiyo. Alipowaona asubuhi, wakiwa wamekatizwa na laga nyingine ndogo na kulala bomani kwa watu, hakulia wala hakufoka. Aliwaosha watoto, akawalisha, akamwambia mumewe maneno machache: "Baba fulani, ama gari hili liuzwe, ama watoto wasipande tena."

Daftari la dada

Tangu 2003 dada alikuwa na daftari la gari. Kila plagi, kila betri, kila tairi, liliandikwa pamoja na bei yake. Wiki hiyo aliketi akajumlisha. Fedha zilizokwenda kwenye vipuri zilikuwa zimezidi bei ya kununulia gari mara tatu. Akamwekea shemeji hesabu hiyo mezani.

Shemeji aliisoma yote. Kisha akachukua kalamu, akaongeza ukurasa wake. Aliandika safari: kila mwisho wa juma ambao familia ilikaa pamoja kwa sababu gari lilifika. Kwa kumbukumbu zake zilikuwa zaidi ya 200. Akauliza, hizi tunaziandikia bei gani?

Nilipomuuliza dada juu ya ukurasa huo, aliniambia hivi: "Ndugu yangu, usiende kuandika kwamba gari lilikuwa zuri. Halikuwa zuri. Na usiandike kwamba lilikuwa bure. Lakini yeye aliandika siku lilizofika tu. Mimi ndiye niliyekuwa Kakuma siku ambazo halikufika."

Waliafikiana hivi. Gari lilibaki, lakini watoto hawakupanda tena miezi ya mvua. Hakuna kuvuka laga baada ya saa sita mchana, hata iwe kavu namna gani. Ukizimika ndani ya laga, watu kwanza, gari baadaye. Naye dada akaanza kuomba uhamisho. Huduma za afya zilipopelekwa chini ya serikali za kaunti mwaka 2013, maombi yake yalipata pa kusomwa, na mwaka 2014 akahamia Lodwar. Familia ikawa na nyumba moja. Kuanzia siku hiyo mkweche haukuwa na kazi ila kwenda sokoni na kanisani, na hata huko ulifika ulipopenda. Mwaka 2019 uliuzwa kwa kijana mwenyeji wa Kakuma aliyejifunza ufundi kwa yule Mkongo. Ulikwenda kwake juu ya lori.

Kabla hujanunua

Ukienda leo utaikuta barabara nyingine. Lami mpya iliyogharimiwa na Benki ya Dunia imewekwa kati ya Lodwar na Kakuma, madaraja yamejengwa, na safari iliyokuwa ya siku nzima sasa ni ya saa mbili hivi. Magari madogo ya Probox yanapita kila mara yakibeba abiria. Kijana wa miaka 20 anayeendesha moja kati ya hayo hawezi kuamini habari za misafara na kamba. Ni haki yake asiamini. Barabara hujengwa ili taabu zisahaulike.

Lakini jua la Turkana halijatengenezwa upya. Kwa hiyo, msomaji, kama utahamishiwa huko kikazi, au umepanga kuwapeleka watoto wakalione Ziwa Turkana, na gari lako ni la umri mkubwa, pokea ushauri huu wa watu walioulipia.

Beba lita 20 za maji ya gari, na maji ya kunywa kando, lita tano kwa kila mtu. Usiyachanganye mahesabu hayo, kwa sababu gari likinywa maji ya mtoto umekosa vyote viwili. Pima upepo wa matairi alfajiri yakiwa baridi, wala usiupunguze yakiwa moto njiani. Badilisha mipira ya rejeta na mkanda wa feni kabla ya safari, hata kama vinaonekana vizima, kisha chukua vile vya zamani kama akiba. Mwambie mtu utakakofika na saa utakayofika. Ukiambiwa na mchungaji usivuke, usivuke.

Na ukiwa unatafuta gari la kununua, fanya hesabu mbili. Ya kwanza ni ya fedha: bei, pamoja na vipuri vya miaka mitano ijayo. Ya pili uifanye na mwenzako mkiwa mmeketi pamoja: gari hili likishindwa kufika, ni nani atakayekuwa akingoja, wapi, na atangoja namna gani? Kama jibu ni kwamba utachelewa kazini, basi nunua mkweche wako ukafurahi nao, ujifunze ufundi na uwafahamu watu. Kama jibu ni mtoto mgonjwa, au mama aliye ng'ambo ya laga, panda basi kwa mwaka mmoja zaidi uweke akiba. Lodwar ipo, haiondoki. Ukifika, muulize mtu yeyote wanapokaanga samaki wa ziwani, kaa kivulini, na uiache injini ipoe.